Albamu nne za 2024 nilizozisikiliza mpaka mwisho bila kuruka wimbo: The Cure, Billie Eilish, Charli XCX na Jamie xx

Zaidi ya dakika 3. Huo ndo muda unaokaa ukisubiri kabla mwimbaji Robert Smith hajafungua mdomo kwenye Alone, wimbo wa kwanza wa Songs of a Lost World, albamu ya bendi ya The Cure. Mara ya kwanza nilivyoiweka nikajua basi hii ni ala tupu, manake drams zinaenda taratibu kama mtu anayetembea amechoka, besi iko chini inanguruma, vinanda vimejaa kila mahali na hakuna anayeimba. Halafu anaingia, sauti ni ileile tuliyoizoea, na kitu cha kwanza anachokwambia ni kwamba huu ndo mwisho wa kila wimbo tunaouimba. Anaanza na mwisho! Nikairudisha nyuma palepale nikaanza upya.

Naanza na hilo makusudi. Siku hizi wimbo ukichelewa kuanza watu wanauacha, na wasanii wanalijua hilo. Spotify wimbo unahesabiwa kwamba umesikilizwa ukishavuka sekunde 30, kwa hiyo kila mtu anawahi, korasi inatupwa mbele, utangulizi unakatwa, daraja la katikati linafutwa kabisa. Mi sina ugomvi na wimbo mfupi, ila ninachouliza nikiweka albamu yoyote mpya ni swali moja: huyu msanii anaufanyia nini muda wangu? Ananisubirisha kwa sababu kuna kitu mbele, au kwa sababu hajui aende wapi? Ananikimbiza kwa sababu anayoyasema yana haraka kweli, au anaogopa nitaondoka? Na swali hilo ndo nimelibeba kwenye hizi albamu nne, moja rock, moja pop, moja elektroniki na moja ambayo iko katikati ya pop na klabu. Nimezisikiliza kwa mpangilio wake, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, usiku, hedfoni masikioni, simu mbali.

Turudi kwa The Cure maana hapo ndo kuna mengi.

Hawa walikuwa hawajatoa albamu tangu 4:13 Dream ya 2008, miaka 16 hiyo, na katikati hapo Smith kasema mara kadhaa kwamba albamu iko njiani mpaka watu wakaacha kuuliza. Kwenye ziara yao ya 2022 na 2023 wakaanza kuzipiga baadhi ya hizi nyimbo jukwaani, kwa hiyo wapenzi wa bendi walikuwa washazisikia zingine kabla albamu haijatoka tarehe 1 Novemba 2024. Nyimbo 8 tu, dakika kama 49, zote kaandika Smith peke yake. Kwao Uingereza ikapanda mpaka namba 1, sehemu ambayo mara ya mwisho walifika na Wish mwaka 1992. Nafurahi kuona hivyo kwa sababu hii albamu haijajipendekeza kwa mtu, hakuna wimbo hata mmoja humu ambao unasema huu ulitengenezwa kwa ajili ya redio.

Nyimbo nyingi humu zimejengwa kwa namna moja: ala zinaanza, zinarudia duara lao, zinaongezwa kidogo kidogo, halafu ndo sauti inakuja mwishoni kama mtu aliyekuwa amekaa kwenye chumba muda wote kimya halafu ameamua kuongea. Kuna watakaosema huo ni uvivu wa kupanga. Mi nasema hapana, na ushahidi wangu ni I Can Never Say Goodbye. Huu Smith kauandika baada ya kufiwa na kaka yake Richard. Piano inapiga noti chache tu, zilezile, zinarudi na kurudi, na mtu yeyote aliyewahi kukaa msibani anajua hiyo hali, wazo moja linalozunguka kichwani halikuachii, huwezi kulimaliza wala kulihama. Na akianza kuimba anaazima maneno ya Shakespeare kutoka Macbeth kuhusu ubaya unaokuja, ubaya wenyewe unakuja kumchukua kaka yake, basi, hakuna pambo lingine. Ungeukata huo utangulizi ukabaki na beti na korasi ungebaki na wimbo wa kusikitisha tu kama maelfu ya nyimbo za kusikitisha. Ule muda wa kusubiri ndo msiba wenyewe.

Simon Gallup kwenye besi bado ni yuleyule, sikiliza A Fragile Thing uone anavyoubeba wimbo mzima mgongoni huku gita zinapamba tu pembeni. Na mpiga gita Reeves Gabrels, yule aliyepiga na David Bowie miaka mingi, yuko The Cure tangu 2012 lakini hii ndo albamu yao ya kwanza ya studio akiwa ndani, na amekuja na ukali flani ambao bendi ilikuwa haina. Kwenye Warsong gita zake zinasikika kama chuma kinakwaruzwa na inauma masikioni, na inatakiwa iume kwa sababu wimbo unahusu watu wawili wanaoumizana.

Sasa lawama. Ya kwanza ni Drone:Nodrone. Sauti za gita zimekuwa za kuringa ringa, mdundo unataka kuchezeka, na sielewi umekaaje katikati ya albamu hii, ni kama mtu kaingia na viatu vya kelele kwenye chumba cha mgonjwa. Ya pili ni miksi, yaani sauti zilivyochanganywa. Kila kitu kiko juu, kila kitu kimebanwa, drams za Jason Cooper zinakupiga usoni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na muziki unaojengwa taratibu hivi unahitaji nafasi ya kupanda. Ukianza ukiwa tayari umefika juu utapanda wapi? Ukisikiliza kwa hedfoni nzuri baada ya nusu saa masikio yanachoka, na hilo linaniuma kwa sababu nyimbo zenyewe hazichoshi. Ya tatu, na hapa najua wapenzi wa bendi hawatakubaliana na mimi, ni ule mlinganisho na albamu yao Disintegration ya 1989 ambao kila mtu anauleta. Disintegration ilikuwa na giza lote hilo lakini ilikuwa na wimbo Lovesong ndani, dirisha moja limefunguliwa ukapata pumzi halafu likafungwa tena. Hapa dirisha hakuna. A Fragile Thing inajaribu ila haifiki.

Lakini Endsong, aisee. Zaidi ya dakika 10, na sauti ya Smith haiingii mpaka dakika ya 6 na ushee. Gita la Gabrels linalia juu ya drams muda wote huo, na mtu ukifika hapo umeshasikiliza nyimbo 7 kwa hiyo masikio yako yameshafundishwa kusubiri, hata huhesabu tena. Anapoingia yuko nje gizani anauangalia mwezi, anajiuliza amezeekaje hivi, yule kijana wa zamani kaenda wapi. Na maneno yanarudi kulekule kwenye mwisho wa kila wimbo, kule alikoanzia kwenye Alone, kwa hiyo albamu nzima inajifunga kama duara. Ule wimbo wa kwanza ulikuwa umekwambia itakavyokuwa na wewe hukuelewa. Nimeipa 9 kwa 10, na hiyo pointi moja imeliwa na miksi.

Haya, Billie Eilish. Hit Me Hard and Soft ilitoka tarehe 17 Mei 2024 na jambo la kwanza la kumpongeza ni kwamba hakutoa singo hata moja kabla. Msanii mkubwa kiasi hicho kusema mtaisikia yote siku moja, kwa pamoja, ni uamuzi ambao watu wa kampuni za muziki lazima uliwatoa jasho. Na ukiisikia unaelewa. Happier Than Ever ya 2021 ilikuwa na nyimbo 16 na mi niliwahi kuilalamikia kwamba ilikuwa na nyimbo nzuri zimezama ndani ya nyimbo za kujazia. Safari hii ni 10, dakika kama 44, na kaka yake Finneas ndo prodyuza kama kawaida yao.

Kitu anachofanya Billie na muda ni tofauti kabisa na cha Smith. Yeye hakusubirishi, anakuhamisha. Unaingia kwenye wimbo ukidhani unajua ni wimbo gani, halafu katikati sakafu inaondolewa. L'Amour de Ma Vie inaanza kama wimbo wa zamani wa kwenye baa tulivu, sauti ya karibu, anamkiri mtu kwamba alimdanganya aliposema yeye ndo penzi la maisha yake, tamu kweli, na ghafla mdundo unabadilika unakuwa wa klabu, sauti inapitishwa kwenye mashine, kasi juu, na uchungu uleule aliokuwa anauimba kwa upole sasa anaucheza. Nimeusikiliza mara nyingi sana na bado lile geuko linanishtua. Bittersuite nayo imegawanyika vipande vipande lakini pale nadhani wamezidisha, kipande cha mwisho kinaishia tu hewani, ni kama wametengeneza mlango wa kwenda kwenye Blue, wimbo unaofuata, wakasahau kutengeneza chumba.

Chihiro, ambao jina lake ni la yule binti wa kwenye filamu ya katuni ya Kijapani Spirited Away, ndo kipenzi changu humu. Besi inaanza yenyewe, imelegea, Billie ananong'ona, na sinthesaiza inaanza kukua kwa mbali sana mpaka dakika za mwisho imefunika kila kitu na sauti yake imezama ndani yake. Ni kukua kule kwa muziki wa elektroniki wa usiku mrefu kumewekwa ndani ya wimbo wa pop, na haukukosewa hata sekunde. The Greatest pia, unaanza na gita tu, mtu anajisifu kwa uvumilivu wake kwenye mapenzi ambayo hayarudishwi, anajizuia anajizuia anajizuia halafu anapiga kelele na bendi nzima inaangukia hapo. Wale waliokuwa wanasema huyu binti anajua kunong'ona tu nadhani hapo wamejibiwa.

Mashairi yake yamekomaa. Wildflower ni kisa cha mtu aliyembembeleza rafiki yake aliyeachwa halafu baadaye akawa na huyohuyo mwanaume, na haombi radhi wala hajitetei, anaeleza tu jinsi huyo rafiki anavyokaa kichwani mwake. Hiyo ni ngumu kuiandika bila kujifanya mwema. Birds of a Feather watu wote mnaijua, ni nzuri, inateleza, sina la kuongeza. The Diner ndo dhaifu, ameimba kwa sauti ya mtu anayemfuatilia mtu mwingine kwa siri na wazo lenyewe linatisha kweli, ila muziki umewekwa wa kuchekesha chekesha kama katuni na hofu yote imevuja. Kwa sababu ya huo na Bittersuite nimempa 8 na nusu.

Charli XCX nitapita haraka, na Brat yenyewe inapita haraka pia. Nyimbo 15 ndani ya dakika kama 41, imetoka tarehe 7 Juni 2024, jalada la kijani kibichi na neno moja limeandikwa kwa ukungu. Nilikuwa nimejiandaa kuikosoa kwa haraka yake manake ndo ugonjwa niliokuwa nausema pale juu, lakini baada ya kuisikiliza mara tatu nne nikaona haraka ya Charli ina sababu. Ni mtu ambaye mawazo yanamkimbia. Anajisifu, sekunde chache baadaye ana wivu, anataka kucheza mpaka asubuhi, kisha ghafla kwenye I think about it all the time anajiuliza kama muda wa kupata mtoto utampita, na wimbo wenyewe unaongea zaidi kuliko kuimba, ni kama umeuokota kutoka kwenye simu yake. Ungeyanyoosha hayo yawe marefu yangekuwa uongo, kwa sababu akili ya usiku wa klabu haikai kwenye jambo moja dakika 7.

Wimbo uliosimama kwangu ni So I, aliomwandikia SOPHIE, prodyuza aliyefanya naye kazi na aliyefariki Januari 2021. Charli anakiri kwamba alipokuwa hai alijiweka mbali naye, aliona hamfikii, na sasa nafasi imepita. Kwenye albamu iliyojaa majigambo, kuweka kitu cha wazi kiasi hicho katikati ni ujasiri. Na muziki wa prodyuza A. G. Cook na wenzake una ukali mzuri, sinthesaiza zinakata, 360 inafungua na 365 inafunga kwa kuirudia ileile 360 ikiwa imechanganyikiwa zaidi, duara tena kama kwa The Cure lakini hili linazunguka kwa kasi mpaka kichwa kinauma. Nisichokipenda ni nyimbo mbili tatu ambazo ni sentensi tu zimewekewa mdundo, Mean girls kwa mfano sidhani kama ina kitu. Ile albamu ya remiksi ya Oktoba 2024 itafute pia, hasa Girl, so confusing akiwa na mwimbaji Lorde. Kwenye ile ya kwanza Charli analalamika kuhusu mwanamke mwenzake kwenye muziki asiyemwelewa, na kwenye remiksi huyo mwenzake ndo anamjibu, kwa upole, anasema yeye naye alikuwa na vita vyake na mwili wake. Sijawahi kusikia remiksi iliyobadilisha maana ya wimbo wa mwanzo hivyo. 8.

Nimemwacha Jamie xx, prodyuza na DJ wa muziki wa elektroniki, mwisho kwa sababu ndo nimehangaika naye zaidi. In Colour ya 2015 kwangu ni moja ya albamu bora za elektroniki za muongo ule, wimbo wake Loud Places peke yake unatosha, kwa hiyo miaka 9 ya kusubiri albamu ya pili ya peke yake ilikuwa mirefu. In Waves ikatoka tarehe 20 Septemba 2024, nyimbo 12, na orodha ya wageni inavutia: Honey Dijon, Robyn, Panda Bear, Kelsey Lu, The Avalanches na wengine.

Sehemu za kucheza ni safi. Baddy on the Floor aliyofanya na Honey Dijon ina tarumbeta zinazoruka na furaha ya kweli, haijifanyi ya maana kubwa, inataka usimame tu usogee. All You Children imetumia sauti ya mshairi Nikki Giovanni akisoma shairi lake la kuwaita watoto waje wacheze, na The Avalanches wameizungushia mdundo unaogonga, na kuna pale sauti yake inapobaki peke yake sekunde kadhaa mdundo umetoka, unasubiri urudi, unasubiri, unarudi. Hiyo ndo kazi ya DJ mzuri, kukunyima kidogo. Jamie anajua kukunyima.

Tatizo ni kwamba kanyima hivyohivyo albamu nzima. Karibu kila wimbo una ile hatua ya kutoa besi, kuacha sauti ielee, kuongeza makofi, kisha kuirudisha besi, na ukisikiliza nyimbo 12 mfululizo unaanza kuijua kabla haijafika. Kwenye In Colour kulikuwa na huzuni iliyokuwa imejificha nyuma ya midundo, ulikuwa unacheza huku koo limekukaba. Hapa kuna raha nyingi, ujuzi mwingi, ila ile huzuni imefifia na mahali pake yamewekwa maneno ya kuzungumzwa. Breather ina mtu anakwambia uvute pumzi, na Falling Together inayofunga ina Oona Doherty, mcheza dansi wa Belfast, anaongea kuhusu dunia yetu ilivyo ndogo angani na sisi sote tulivyo pamoja. Ni mambo mazuri na sauti yake nzuri, lakini nimeambiwa tuko pamoja kabla muziki haujanifanya nihisi hivyo. Smith kwenye Endsong alinifanyia kazi zaidi ya dakika 6 ndo akaongea. Jamie kaongea kwanza. Na Life aliyoimba Robyn, mwanamuziki ninayemheshimu sana, imepita tu, tarumbeta nyingi, maneno ya kutia moyo, sikumbuki wimbo wenyewe ukishaisha.

6 na nusu, na nimejaribu kuiongeza mara mbili nikashindwa.

Ila kuna Waited All Night. Humo wamo Romy na Oliver Sim, yaani The xx, bendi ya Jamie, wote watatu wako kwenye wimbo mmoja, na mpaka wimbo huu unatoka bendi hiyo ilikuwa haijatoa albamu tangu I See You ya 2017. Sauti zao mbili zinapokezana, hazigusani, mdundo wa Jamie unakimbia chini yao lakini wao hawakimbii, na kila kitu nilichokuwa nakitafuta kwenye zile nyimbo nyingine 11 kiko hapo, ile huzuni, ile nafasi kati ya noti, koo kukaba. Wiki hii nimeurudia kuliko wimbo mwingine wowote kwenye albamu zote nne. Albamu ya hao watatu hata ikichukua miaka 16 kama ya The Cure mi niko tayari kuisubiri.